Bukari hupandisha sukari kwa kasi gani?

Mgonjwa wa kisukari akitoka kwa daktari mjini Kolwezi, Kongo, hubeba karatasi ya Kifaransa na kichwani amebeba maelezo ya Kiswahili. Neno glycémie, yaani sukari iliyo damuni, limekwisha kuzoeleka. Watu husema "glisemi yangu imepanda" bila kigugumizi. Lakini daktari akiongeza kwamba mgonjwa achague vyakula vyenye index glycémique ya chini, hapo mazungumzo hukwama. Anayetafsiri anajaribu "kiwango cha sukari", mwingine anasema "kielezo cha sukari", na aliyesoma vitabu anaandika "fahirisi ya glisemi". Tafsiri ya kwanza ndiyo yenye madhara zaidi, kwa sababu "kiwango cha sukari" tayari ni jina la kile kinachopimwa kwenye tone la damu. Mgonjwa ataelewa kwamba anaulizwa sukari yake ni ngapi, kumbe anaelezwa habari za chakula.

Dhana yenyewe ilitoka Toronto, Canada. Hadi wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba sukari ya kawaida huingia damuni mbio, na wanga wa nafaka na viazi huingia polepole, basi. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake walichapisha matokeo ya kulijaribu wazo hilo kwa vyakula na sukari za aina 62. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Mtu aliyeamka bila kula anapewa chakula chenye gramu 50 za wanga unaomeng'enywa, kisha damu yake inapimwa mara kadhaa kwa muda wa saa 2. Siku nyingine anapewa gramu 50 za glukosi tupu. Ongezeko la sukari lililoletwa na chakula hulinganishwa na lile la glukosi, ambayo imepewa 100. Kuanzia 55 kushuka chini huhesabiwa kuwa chini, 56 hadi 69 ni wastani, na 70 kwenda juu ni juu.

Matokeo yaliwashangaza wengi, na yanashangaza hata leo. Majedwali ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2008 yanatoa wastani wa 65 kwa sukari ya mezani, 75 kwa mkate mweupe na 78 kwa viazi ulaya vya kuchemsha. Asali ni 61. Embe ni 51, tikitimaji ni 76, maharagi mekundu ni 24. Mtu aliyeacha sukari kwenye chai akabaki na mkate wake mweupe asubuhi hajaepuka alichodhani ameepuka. Ndiyo maana hata "fahirisi ya sukari" au "kielezo cha sukari" haitoshi: inamfanya msomaji atafute sukari ndani ya chakula, wakati kinachopimwa ni kile ambacho chakula kinaifanyia damu. Jina linalofaa lazima libebe kitenzi, na kitenzi chenyewe ni kupandisha.

Sasa tuje kwenye sahani ya Lualaba, mkoa wa Kolwezi. Katanga, ambayo Lualaba ilikuwa sehemu yake, haikula mahindi kwa wingi huu tangu zamani. Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwalisha wafanyakazi wake kwa posho ya unga, na mahindi mengi yalinunuliwa Rodesia. Kambi za migodi ziliwakusanya watu wa makabila tofauti, zikawapa lugha moja ya kazi, Kiswahili, na chakula kimoja, bukari, yaani ugali. Kampuni ya serikali, Gécamines, iliporithi migodi hiyo, gunia la unga likaendelea kuwa sehemu ya ujira. Hata leo malori ya unga yanavuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, na bei ya unga ikipanda, mji mzima unaijadili. Kumwambia mtu wa Kolwezi aache bukari, kwa hiyo, ni kupoteza maneno. Afadhali kumweleza bukari inafanya nini.

Punje ya mahindi ikiwa nzima, wanga wake umefungwa ndani ya kuta za chembe. Kinu kinazivunja kuta hizo. Kisha maji ya moto yanauvimbisha wanga, mwiko unakoroga, na kinachofika tumboni ni wanga uliolainika ambao vimeng'enya vinaumaliza upesi. Uji wa mahindi uliopimwa Afrika Kusini ulitoa 74 kwa unga uliokobolewa na 71 kwa unga usiokobolewa. Tofauti ni ndogo kuliko wengi wanavyotarajia. Unga usiokobolewa una faida zake, nyuzinyuzi na vitamini, ila kwa suala la kasi, usagaji laini umekwisha kufanya kazi yake. Wanaochanganya unga wa mihogo nao wasijidanganye, maana mihogo ni wanga karibu mtupu. Bukari ikipoa, sehemu ya wanga hujifunga upya ikawa ngumu kumeng'enywa, lakini nani anayeipenda bukari baridi?

Nafuu iko pembeni ya bukari. Fahirisi hupimwa chakula kikiwa peke yake, na hakuna mtu anayekula bukari peke yake. Sombe, lengalenga, matembele, maharagi, ndakala, samaki wa ziwa Nzilo: nyuzinyuzi, protini na mafuta ya mboga hizi huchelewesha tumbo kumwaga wanga kwenye utumbo. Tonge dogo lenye mboga nyingi hupandisha sukari taratibu kuliko tonge kubwa lililogusishwa mchuzi. Hapo hapo nitoe onyo: mafuta hushusha fahirisi, kwa hiyo viazi vya kukaanga vinaweza kuonekana bora kuliko vya kuchemsha. Hilo halivigeuzi kuwa dawa. Fahirisi inajibu swali moja tu, nayo haijui lolote kuhusu moyo wala unene.

Wala haijui ulikula kiasi gani. Kwa sababu hiyo, mwaka 1997 watafiti wa Harvard waliongeza kipimo cha pili, ambacho Wafaransa wanakiita charge glycémique na kwa Kiswahili "mzigo wa sukari" kinatosha kabisa. Hesabu yake ni fahirisi mara gramu za wanga uliokula, gawanya kwa 100. Kumi kushuka chini ni mzigo mwepesi, 20 kwenda juu ni mzito. Kipande cha tikitimaji cha gramu 120 kina takriban gramu 6 za wanga, hivyo mzigo wake hauzidi 5, licha ya fahirisi yake ya 76. Donge la bukari lililosongwa kwa gramu 100 za unga uliokobolewa lina takriban gramu 75 za wanga. Mzigo wake unapita 55. Ukilikata nusu, bado uko juu ya 20.

Ugumu ni kwamba nyumba nyingi hula kwenye sahani moja, kila mtu akimega upande wake, na hakuna anayehesabu matonge. Mgonjwa na akatiwe donge lake pembeni, lisizidi ngumi yake, mboga zijazwe, na familia isilichukulie hilo kuwa kujitenga. Kazi ya mwili nayo huhesabika: kijana anayechimba siku nzima misuli yake inakunywa sukari kutoka damuni. Baba yake mstaafu wa Gécamines akila donge lile lile kisha akakaa kitini, hadithi ni tofauti.

Kuna saa moja ambapo ushauri wote huu unapinduliwa. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi sukari yake inaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Kipimo kikiwa chini ya 70 mg/dl, anahitaji kile kinachopandisha mbio, yaani gramu 15 za sukari kwenye maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Asipewe maharagi. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Na wenye jamaa Tanzania au Kenya wakumbuke kwamba huko hupimwa kwa mmol/l: gawanya namba ya Kolwezi kwa 18, na 126 yako itakuwa 7 yao.

Turudi kwenye jina. Neno fahirisi lina sifa nzuri: Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania hulitumia kwenye "fahirisi za bei", ambazo nazo hulinganisha na msingi wa 100. Kwa vitabu na karatasi za mafunzo, basi, ninapendekeza "fahirisi ya upandishaji sukari". Ni refu, lakini halidanganyi. "Fahirisi ya glisemi" nayo si kosa, ila inamfaa tu aliyekwisha kujua. Katika chumba cha daktari istilahi zote mbili ni nzito, na Kiswahili cha Katanga kina sentensi inayozishinda: "hii chakula inapandishaka sukari mbio". Mwenye kuandika karatasi za ushauri Kolwezi, Likasi au Fungurume aanze na sentensi hiyo, aweke istilahi chini yake, na mifano yake iwe bukari, sombe na ndakala, kwa sababu karatasi inayozungumzia vyakula vya Ulaya mgonjwa wa Manika mjini Kolwezi ataikunja na kuiweka mfukoni.