Kituo dhaifu kwenye gemu ya vita

Wadau, gemu nyingi za vita huwafanya walinzi kuwa takataka: pointi moja ya nguvu, unawakanyaga unapita. Tazameni Naivasha, ng'ambo ya ziwa ukiwa huku Ndabibi. Usiku wa Machi 26, 1953, Mau Mau wakiongozwa na Mbaria Kaniu walivamia kituo cha polisi, wakafungua mahabusu 173 na kuondoka na bunduki, za rashasha zikiwemo. Usiku huohuo Lari nayo ilishambuliwa.

Kwa hiyo kwenye programu yangu siongezi nguvu ya kituo hata kidogo. Anayekiteka anachukua silaha na watu waliomo, basi! Sasa mchezaji ana sababu ya kukilinda. Na adui akipiga sehemu mbili kwa zamu moja, itabidi achague aokoe ipi.