Benson Wanjau, Mluo wa Runinga

Wakenya wengi waliompenda Mzee Ojwang' hawakuwahi kumjua Benson Wanjau. Ojwang' wa kipindi cha runinga cha Vitimbi alikuwa mzee wa Kiluo mwenye kofia, miwani mikubwa na makelele mengi, bwana wa nyumba anayefoka sasa hivi na kunywea punde tu mkewe anapomkazia macho. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Kwa zaidi ya miaka 30 aliibeba lafudhi ya watu wa ziwani hadi watazamaji, Waluo wakiwemo, wakamhesabu kuwa mtu wa Nyanza. Mkewe wa runingani, Mama Kayai, ni Mary Khavere, na jina hilo ni la Magharibi mwa Kenya. Hata ndoa yao ilikuwa ya studio tu, na ingawa Khavere amelieleza jambo hilo miaka nenda miaka rudi, bado wapo wasiosadiki.

Sanaa hiyo ya kuvaa ulimi wa jirani ina historia yake. Televisheni ilianza kurusha matangazo Kenya mwaka 1962, kukiwa kumesalia mwaka mmoja kabla ya uhuru, na mitambo yake ya Limuru haikufika mbali na Nairobi. Mwaka 1964 serikali ililitwaa shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya. Mwaka 1989 likarudia jina lake la awali, KBC. Hadi kituo cha KTN kilipozaliwa mwaka 1990, nchi nzima ilitazama kituo kimoja. Runinga zenyewe zilikuwa chache. Mwenye nayo mtaani alikuwa na wageni kila jioni, watoto wamekaa sakafuni, wakubwa kwenye viti, na wengine wamesimama mlangoni.

Hadhira ya namna hiyo haikuwa ya kabila moja. Katika sebule moja ya Nairobi au Nakuru walikutana Mkamba, Mluhya, Mkisii na Mkikuyu, na lugha pekee ya kuwachekesha wote kwa pamoja ilikuwa Kiswahili. Wachekeshaji waliowatangulia kina Ojwang', kama Mzee Pembe na Kipanga, walikwisha kuionyesha njia. Kizazi kilichofuata kikaongeza jambo moja: kila mhusika aje na Kiswahili cha kwao. Kwenye kipindi cha Vioja Mahakamani walipanda kizimbani Ondiek Nyuka Kwota, Makokha na Masanduku arap Simiti, na kabla mshtakiwa hajamaliza kutaja jina lake, mtazamaji ameshajua ametoka mkoa gani. Vitimbi ikaupeleka mchezo huo nyumbani, kwenye ugomvi wa mume na mke, na hapo ndipo Wanjau alipong'aa.

Wakati nao uliwafaa. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima linalotahiniwa. Mchana mtoto alifundishwa ngeli na upatanisho wa kisarufi, akipoteza alama kwa kila kosa. Jioni alimsikiliza Ojwang' akizivunja sheria hizo zote na bado akieleweka na kila mtu. Walimu walinung'unika, na walikuwa na sababu. Lakini ni vigumu kukanusha kwamba vipindi hivyo viliwashawishi Wakenya wa bara kuwa Kiswahili ni chao pia, kwamba huna haja ya kuzaliwa Lamu au Mombasa ndipo ukitumie kugombana, kubembeleza na kudanganya.

Kuiga lafudhi ni rahisi. Mtoto yeyote wa shule hufanya hivyo wakati wa mapumziko, na mara nyingi hufanya kwa ukatili. Ugumu ni kumfanya anayeigwa acheke bila kujihisi ametukanwa, na uwezo huo Wanjau alikuwa nao. Ojwang' hakuchekesha kwa sababu alikuwa Mluo. Alichekesha kwa sababu alikuwa mume anayejigamba kuwa ndiye kichwa cha nyumba huku akijua, na sisi tukijua, kwamba uamuzi ni wa Mama Kayai. Mume wa aina hiyo yuko Murang'a, yuko Machakos, yuko Kakamega. Lafudhi ilimpa mahali pa kutoka, lakini udhaifu wake ulikuwa wa kila mtu. Alibana pesa, alikasirika upesi, alitishika upesi vilevile, na chini ya hayo yote alimpenda mkewe. Anayempa mhusika lafudhi peke yake humpa mtazamaji kabila la kucheka. Wanjau alimpa mtu mzima.

Si wote waliofuata walioujali mpaka huo. Vichekesho vya Kenya vina deni la watu waliogeuzwa kuwa sura moja: Mluhya bawabu na mpishi, Mkikuyu mpenda pesa, Mkamba mshirikina. Mzaha ule ule ukirudiwa miaka mingi huacha alama. Upande wa pili, kuiga sauti kulizaa ujasiri pia. Kundi la Redykyulass la Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie lilichukua sauti ya Rais Daniel arap Moi, iliyoogopwa kwa miaka mingi, likaigeuza kichekesho hadharani wakati yeye bado yuko madarakani.

Uzito wa kazi ya Wanjau huonekana zaidi ukiiweka kando ya mapema mwaka 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao, na uhasama kati ya Waluo na Wakikuyu ulikuwa katikati ya moto huo. Kwenye vizuizi vya barabarani, jina na matamshi viliweza kuamua nani apite. Wakati huohuo nchi ilikuwa na Mkikuyu mmoja ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kusema kama Mluo, na ambaye Waluo walimwita mzee wao. Kipindi cha runinga hakizuii vita, na hakuna anayepaswa kudai hivyo. Lakini kwa miongo kadhaa mamilioni waliingia katika nyumba ile ya kubuni bila kuuliza nani ni wa wapi, na hilo ni jambo lililotendeka kweli.

Umaarufu haukumtajirisha. Macho yalipoanza kumpotea, mchekeshaji Daniel Ndambuki, Churchill, alilipeleka suala hilo kwa mashabiki na Wakenya wakamchangia matibabu. Ni aibu ya nchi kwamba msanii aliyeichekesha kwa muda huo wote alihitaji mchango. Wanjau alifariki Jumapili, tarehe 12 Julai 2015, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, kwa nimonia, akiwa na umri wa miaka 78. Taarifa za kifo chake zililazimika kutaja majina yote mawili, maana la kuzaliwa peke yake lisingemfikia aliyekuwa akimtazama.

Kufikia wakati huo kituo cha Citizen kilikuwa kimeshawachukua watazamaji wengi wa vichekesho. Kinara wa kituo hicho alikuwa Papa Shirandula, bawabu anayemficha mkewe kazi yake halisi. Charles Bukeko, aliyemwigiza hadi kifo chake kwa korona mnamo Julai 2020, alikuwa Mluhya wa Busia akiigiza Mluhya. Hakuazima ulimi wa mtu. Ndani ya kipindi hichohicho, hata hivyo, alikuwepo Otoyo, Mluo mwenye maneno mengi, na aliyemwigiza ni Kazungu Matano, mtu wa Pwani.