Nani Alikula Msitu wa Masisi?



Anayetoka Goma, akapita Sake na kuanza kupanda kuelekea Masisi, huona vilima vya majani mabichi, ng'ombe wakila juu ya miteremko, na nyua za miti zilizogawa malisho. Wageni hupenda kuifananisha nchi hiyo na Uswisi, na sisi wenyewe twajivunia jibini yake inayouzwa katika masoko ya mji wetu. Lakini malisho hayo si sura ya kwanza ya milima ile. Sehemu kubwa ilikuwa msitu. Tukiuliza msitu ulikwenda wapi, jibu jepesi li tayari midomoni: umeliwa na mkulima maskini, kwa jembe lake na tanuri lake la makala. Tunawaomba msilipokee jibu hilo kabla ya kuisikiliza historia.

Wazee wa milima hii walifyeka, wakapanda mtama, maharagwe na migomba, kisha wakaliacha shamba lipumzike miaka kadhaa mpaka lirudishe nguvu. Hatusemi kwamba walikuwa bora kuliko sisi. Watu walikuwa wachache na ardhi ilikuwa pana, na upana huo ndio uliokuwa mbolea yao. Mtu akipungukiwa na upana, desturi ile haifanyi kazi tena, hata awe na bidii kiasi gani.

Upana huo ulianza kukatwa wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, kwa mistari miwili iliyochorwa karibu wakati mmoja. Mwaka 1925 ilianzishwa Hifadhi ya Albert, ambayo leo twaiita Virunga, nayo ikapanuliwa mara kadhaa katika miaka iliyofuata. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyopewa mamlaka ya kuwagawia walowezi wa Kizungu ardhi. Mstari wa kwanza ulisema: hapa asilime mtu. Wa pili ulisema: hapa alime mgeni mwenye hati. Mwenyeji alibaki katikati ya mistari hiyo miwili, akaambiwa aendelee kuishi kama zamani.

Mashamba makubwa yalihitaji mikono. Kati ya mwaka 1937 na 1955 utawala uleule uliwahamisha maelfu ya watu kutoka Rwanda, nchi iliyokuwa imeonja njaa kali, ukawaweka Masisi. Jambo hili limezaa maneno makali mpaka leo, kwa hiyo tuliseme kwa uangalifu. Hatulikumbuki ili tuhesabu nani ni mgeni na nani ni mwenyeji. Twalikumbuka ili tuone kwamba mwenyeji aliyepunguziwa ardhi na mhamiaji aliyeletwa kufanya kazi waliwekwa juu ya kilima kimoja na mtu wa tatu, ambaye faida yake ilikuwa ikisafiri kwenda mbali.

Je, mashamba hayo yalilima nini? Kahawa, chai, miti ya kwinini, na pareto, lile ua jeupe linalotoa dawa ya kuua wadudu. Vita Vikuu vya Pili vilipokata njia za kwenda Java na Japani, kwinini na pareto za Afrika zilitafutwa kwa bidii, na milima yenye baridi kama yetu ikawa na thamani mpya. Kilimo cha namna hiyo kina sheria yake: zao moja, safu kwa safu, kila mti mwingine ung'olewe. Msitu una mizizi ya vimo vingi na majani yanayolipokea tone la mvua kabla halijagusa udongo. Safu za zao moja zinazopaliliwa kila mara huacha udongo wazi katikati yake. Mvua ikinyesha juu ya mteremko mkali, udongo hushuka pamoja na maji, kidogo kidogo, bila kelele.

Jambo hilo halikuwa la upande wetu peke yake. Upande wa Rwanda wa volkano zilezile, mwishoni mwa miaka ya 1960, hekta zipatazo 10,000 za hifadhi zilikatwa ili kupanda pareto, kwa mradi uliosaidiwa na fedha za Ulaya. Baadaye dawa za viwandani ziliishusha thamani ya ua hilo. Soko lilipita, lakini msitu haukurudi.

Uhuru ulipokuja, mistari ya wakoloni haikufutwa, ilibadilisha wenyewe. Sheria ya mwaka 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya Dola, na mwaka huohuo mashamba ya wageni yalitwaliwa na kugawiwa wananchi. Wananchi gani? Mara nyingi ni wale waliokuwa karibu na serikali, au waliokuwa na fedha. Mashamba mengi ya Masisi yakawa malisho ya ng'ombe, na misitu mingine ikakatwa ili kuyapanua. Mkulima aliyelima kwa idhini ya mkuu wa kimila hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Akasogezwa.

Ndipo tunapofika kwa yule mwenye jembe. Shamba lake limekuwa dogo, hawezi tena kulilaza. Analima msimu baada ya msimu, toka bondeni mpaka kileleni, na mavuno yanapungua. Vita vimemfukuza zaidi ya mara moja. Hatimaye anaingia msituni. Mwaka 2004, katika sekta ya Mikeno ya Virunga, hekta zipatazo 1,500 za makao ya sokwe wa milimani zilifyekwa kwa muda mfupi ili kupata mashamba na malisho. Kosa hilo lilikuwa kosa, na hatulifuniki. Ila anayeanza kusimulia habari hii mwaka 2004 ameruka kurasa nyingi.

Gharama yake si ya sokwe tu. Mwezi wa Mei 2023, huko Kalehe, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu, mafuriko yaliwaua watu zaidi ya 400 katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Mvua ilikuwa kubwa, na hakuna anayeweza kuupa mti mmoja lawama ya usiku ule. Lakini mteremko uliopoteza miti yake hauna tena cha kuyapunguzia maji mbio.

Basi tufanye nini? Hapa pia historia ina neno. Wakoloni waliuona udongo ukishuka, wakawaamuru wakulima wachimbe mitaro na matuta ya kuuzuia. Ufundi wenyewe ulikuwa mzuri. Lakini ulikuja pamoja na faini na viboko, na hao walioamriwa kuokoa udongo ndio waliokuwa wamenyang'anywa udongo ulio bora. Uhuru ulipofika mwaka 1960, wengi waliyaacha matuta kwa furaha, kama mtu anayetupa mzigo wa mwingine. Udongo ukaendelea kushuka.

Somo ni hili: hakuna anayetunza kwa moyo ardhi ambayo kesho anaweza kufukuzwa juu yake. Pandeni miti, wekeni mabingobingo kwenye kingo za matuta, changanyeni maharagwe na mahindi, lisheni udongo kwa samadi. Kazi hizi zimo ndani ya uwezo wenu, na hazingoji mtu wa mbali. Pamoja nazo, mnapokutana, ulizeni pia maswali ambayo jembe haliwezi kujibu: kilima hiki ni cha nani kwa hati, ni cha nani kwa jasho, na anayekilima amehakikishiwa miaka mingapi? Anayempa mkulima mche bila kuuliza hayo amempa nusu ya msaada. Na anayedai haki ya ardhi bila kupanda hata mche mmoja, atakapoipata ardhi hiyo atakuta mawe.