Programu ya Bure Iliyouzwa Elfu Kumi na Tano

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Maswa. Mjomba wangu ana steshenari mjini: mashine ya fotokopi, printa moja inayokohoa, na kompyuta mbili anazochapia mitihani ya shule za jirani. Alikuwa ametoka kununua kompyuta nyingine, mtumba mzuri tu, na fundi alikuwa amemwekea "programu za ofisi" kwa shilingi 15,000.

Nikaiwasha niione. Ilikuwa LibreOffice. Kama huijui, hiyo ni programu ya kuandikia, kupiga mahesabu na kutengeneza slaidi, na wenyewe wanaitoa bure, kihalali kabisa, kwa yeyote duniani.

"Mjomba, umepigwa," nikamwambia. "Hii ni ya bure."

"Bure wapi?"

"Mtandaoni. Unaishusha tu."

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia msomi wa familia. "Haya. Na bando la kuishushia ananunua nani? Na mimi ningejuaje kama ipo?"

Nikanyamaza. Nina shahada ya uzamili, nasoma historia ya teknolojia, na sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu langu, limechelewa kidogo. Twende pamoja, msomaji, maana swali la mjomba ni zito kuliko linavyoonekana: programu ileile ikiwa dukani ina bei moja, ukiipakua mwenyewe ina bei nyingine. Hiyo tofauti inatoka wapi, na inaingia mfukoni mwa nani?

Zamani programu haikuwa na bei

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Enzi hizo, hapa na kwingineko, mtu hakuwa akienda kununua programu. Ulinunua au kukodi mashine kubwa kama kabati, na programu zilikuja nayo pamoja na wataalamu wa kuihudumia. Gharama zote zilikuwa ndani ya bei moja.

Mambo yalibadilika tarehe 23 Juni 1969, pale kampuni ya IBM ya Marekani ilipotangaza kwamba itaanza kuziuza baadhi ya programu zake kivyake, mbali na mashine. IBM ndiyo ilikuwa kubwa kuliko wote, kwa hiyo tangazo hilo lilisaidia kuzaa biashara mpya kabisa: biashara ya kuuza maelekezo ya mashine bila kuuza mashine.

Sisi hatukuwepo sana kwenye sherehe hiyo. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa taratibu miaka ya baadaye. Maana yake ni kwamba wakati wenzetu wanajifunza kwamba programu ni bidhaa yenye bei yake, kwetu mlango ulikuwa umefungwa. Tulipokuja kuufungua, tulikuta maduka yameshajaa maboksi.

Ndani ya boksi kulikuwa na nini?

Hapa nikuombe ufikirie chaki. Maswa tunatengeneza chaki, nawe pengine uliwahi kuandikiwa nazo ubaoni. Boksi la kwanza la chaki linahitaji jasi, na boksi la pili linahitaji jasi nyingine. Ukitaka maboksi elfu, tafuta jasi ya maboksi elfu.

Programu haiko hivyo. Kopi ya kwanza inaweza kula miaka ya kazi ya watu mia moja, lakini kopi ya pili inagharimu karibu na sifuri. Hapo ndipo ugomvi wote wa bei ulipoanzia. Mwaka 1976 kijana aliyeitwa Bill Gates aliandika barua ya wazi kwa wapenzi wa kompyuta, akilalamika kwamba wengi wanaitumia programu ya kampuni yake bila kuilipia. Hoja yake ilikuwa kwamba kama kopi ni za bure, anayeandika programu atakula nini? Ukipenda au usipende, swali hilo lina haki yake.

Jibu la biashara lilikuwa boksi. Windows 95 ilipoingia madukani tarehe 24 Agosti 1995, kopi kamili iliuzwa Marekani kwa takriban dola 210. Ndani yake kulikuwa na diski na kitabu cha maelezo. Lakini bei ile ilibeba vitu vingine visivyoonekana: malipo ya walioandika programu, kiwanda cha diski, gari la kusafirisha, pango la duka, mshahara wa muuzaji na faida ya kila aliyeishika njiani. Sisi wa kanda ya pamba tunaielewa hesabu hii bila kufundishwa. Bei ya pamba shambani siyo bei ya pamba bandarini, na tofauti yake ni watu na barabara.

Wapo waliojaribu kuruka duka mapema. Mwaka 1982 Wamarekani wawili, Andrew Fluegelman na Jim Button, kila mmoja alianza kutoa programu yake kwa mtindo huu: chukua, nakili, mpe na rafiki yako, ukiiona inakufaa, nitumie hela. Mwaka 1993 waliotengeneza mchezo wa Doom walitoa sehemu ya kwanza bure, isambae yenyewe, kisha aliyenogewa akaagiza zilizobaki kutoka kwao moja kwa moja.

Dola 30 au dola 69?

Ukitaka kuiona tofauti ya duka na kupakua bila chenga, angalia Julai 2011. Apple ilitoa mfumo wake wa kompyuta ulioitwa Lion, na safari hii haikuuweka kwenye diski. Ukiupakua mtandaoni ulilipa dola 29.99. Mwezi uliofuata wakaanza kuuza Lion hiyohiyo ikiwa ndani ya flashi ndogo, kwa dola 69.

Programu ni moja, waliyoiandika ni walewale, lakini upande mmoja bei ni zaidi ya mara mbili ya upande mwingine. Flashi yenyewe haikuwa na thamani ya dola 39.

Sasa jiulize, nani alikuwa anahitaji hiyo flashi? Ni mtu mwenye intaneti mbovu. Yaani aliye mbali na njia nzuri ndiye aliyetozwa zaidi. Niliposoma habari hii nilimkumbuka mjomba. Unaposikia kwamba kupakua ni nafuu, ongeza moyoni maneno haya: kwa mtu ambaye njia imeshafika kwake.

Dar es Salaam, 2004: bure iliyokuwa ghali

Historia hii ina sura ya nyumbani pia, na inasikitisha kwamba wengi hawaijui. Mwishoni mwa mwaka 2004, mradi ulioitwa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice. Hii ilikuwa programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hailipiwi, hairuhusu tu kunakiliwa bali inakuomba uinakili.

Basi ingefikaje Maswa? Tupige hesabu. OpenOffice ya miaka ile ilikuwa na ukubwa wa takriban megabaiti 65. Modemu ya simu ya mezani, ikienda kwa kasi yake yote ya kilobiti 56 kwa sekunde, ingehitaji zaidi ya saa mbili na nusu, na hiyo ni kama laini haikatiki hata mara moja. Na dakika zote hizo unazilipia. Nchi ilikuwa bado inategemea setilaiti kuunganishwa na dunia. Kebo ya chini ya bahari ya SEACOM iliwashwa Julai 2009, ndipo baadaye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukasambaa mikoani.

Kwa hiyo miaka ile mambo yalikuwa kinyume na yalivyo kwenye vitabu vya uchumi: CD ilikuwa nafuu kuliko kupakua. Waliolielewa hili ni watu wa Ubuntu. Kuanzia 2005 hadi 2011 walikuwa wanatuma CD za mfumo wao kwa posta, popote duniani, bila kukutoza hata senti. Sanduku la posta la shule lingeweza kupokea kitu ambacho laini ya simu ya shule isingekivuta kwa urahisi.

Duka limerudi, sasa liko kwenye simu

Ungedhani baada ya intaneti kufika, duka limekufa. Wapi! Mwaka 2008 Apple walifungua duka la programu ndani ya simu, na Google wakafuata mwaka huohuo. Hakuna boksi wala pango la jengo, lakini duka likawa linachukua asilimia 30 ya mauzo. Baadaye wauzaji wadogo walipunguziwa hadi 15.

Tarehe 13 Agosti 2020, wenye mchezo wa Fortnite waliamua kuonyesha hadharani kilichomo ndani ya bei hiyo. Wakaweka bei mbili kwenye skrini moja: ukilipia kupitia duka, dola 9.99, ukitulipa sisi moja kwa moja, dola 7.99. Siku hiyohiyo mchezo ukaondolewa kwenye maduka yote mawili, na kesi zikaanza. Ni tofauti ileile ya boksi na kupakua, ila safari hii mwenye duka hakubeba hata kilo moja ya mzigo. Yeye anasema analipwa kwa usalama na kwa kukuletea wateja. Mwenye programu anasema analipishwa kwa kupita mlangoni. Ukweli una kipande kila upande.

Na serikali nazo zikastuka. Boksi lilikuwa linapita forodhani, kinachopakuliwa hakipiti. Ndiyo maana mwaka 2022 Tanzania iliweka utaratibu wa kuwatoza kodi wauzaji wa nje wanaouza huduma kwa njia ya kielektroniki. Tofauti ya bei iliyotokana na kukwepa forodha ikaanza kupungua.

Turudi steshenari

Sasa mjomba alilipia nini? Leseni ilikuwa sifuri. LibreOffice leo ni kama megabaiti 350. Mwaka 2021 TCRA ilitaja kiwango cha chini cha shilingi 2.03 na cha juu cha shilingi 9.35 kwa megabaiti moja. Zidisha: njia ya kuifikisha Maswa ni kati ya shilingi 710 na 3,270 hivi. Inayobaki, zaidi ya elfu kumi na moja hata ukichukua bei ya juu, ni muda wa fundi na ujuzi wake. Na alifanya kazi kweli. Mjomba asingejua pa kuanzia.

Kwa hiyo nafuta neno langu la "umepigwa". Ila sifuti yote. Kosa ni kwamba fundi hakusema kipi anakiuza. Mjomba aliamini amenunua programu, na mtu anayeamini hivyo hatampa mwenzake kopi, ataona anaiba. Programu iliyotengenezwa isambae ikafungiwa ndani ya kompyuta moja.

Na upande wa pili ni mbaya zaidi. Mwaka juzi, kompyuta ya zamani ya mjomba iliwekewa kopi ya wizi ya programu ya kulipia, kutoka kwenye flashi ya duka fulani. Ilikuja na virusi. Mitihani ya shule mbili ikapotea siku tatu kabla ya kufanyika, na mwalimu mmoja alilala pale steshenari akichapa upya. Kopi ile iliuzwa bei sawa kabisa na hii ya bure. Mnunuzi angetofautishaje? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, lakini sheria haikai kaunta kukuonyesha ipi halali na ipi siyo.

Ushauri wangu ni mdogo. Ukienda kuwekewa programu, muulize fundi maswali matatu: inaitwaje, leseni yake ikoje, na katika hela hii programu ni kiasi gani na kazi ni kiasi gani. Kama ni ya bure, mwambie akuachie na faili la kuisakinisha kwenye flashi yako. Halafu mpe jirani. Ukiwa na faili hilo, bando linalipwa mara moja tu, na watu ishirini wanafaidi. LibreOffice, kwa taarifa yako, ilichipuka mwaka 2010 kutoka kwenye OpenOffice, ileile iliyozungumzishwa Kiswahili pale Dar es Salaam. Ni kama mtoto wa ndugu.

Kabla sijaondoka Maswa nilimwachia mjomba faili lile. Sasa walimu wanakuja na kompyuta zao, anawawekea. Nilimwomba aandike risiti kwa mistari miwili, naye akafanya: programu, 0, kazi ya kuweka, 3,000.

Ananiambia mstari wa kwanza unamletea maswali mengi kuliko wa pili. Kila mteja anauliza, "Sifuri kweli?" Naye inabidi akae chini aanze kueleza.