Kusikia Katika Makelele

Katika mwaka 1672 tabibu mmoja wa Uingereza, jina lake Thomas Willis, alipiga chapa kitabu kwa lugha ya Kilatini juu ya ubongo na fahamu. Miongoni mwa mambo mengi mazito ya kitabu kile mlikuwa na kisa kimoja kifupi ambacho matabibu wa masikio hawajakisahau mpaka leo. Willis alisimuliwa na mtu aliyemwamini habari za mwanamke mmoja kiziwi, ambaye hakusikia maneno ya watu ila ngoma ilipokuwa ikipigwa chumbani. Ngoma ilipolia, alijibu kila alichoulizwa. Ngoma iliponyamaza, uziwi ulimrudia. Mumewe alipenda kuzungumza na mkewe, kwa hiyo aliweka nyumbani mtumishi ambaye kazi yake ilikuwa kupiga ngoma.

Msomaji, usikicheke kisa hiki upesi. Wewe na mimi twajua kwamba makelele huzuia maneno. Mvua inyeshapo juu ya bati la darasa, mwalimu hulazimika kunyamaza, au huandika ubaoni. Basi yawezekanaje kwamba makelele yamfungue mtu masikio? Willis mwenyewe alidhani kiwambo cha sikio la mwanamke yule kilikuwa kimelegea, na mshindo wa ngoma ulikikaza. Jibu halikuwa hilo, na ili tulifahamu hatuna budi kuingia ndani ya sikio.

Sauti hupita katika tundu la sikio ikagonga kiwambo. Kiwambo husukuma vifupa vitatu vidogo, na cha mwisho kina umbo la kikuku cha tandiko la farasi. Kikuku hicho husukuma maji yaliyomo katika sikio la ndani, ndani ya mfereji uliojisokota mfano wa kombe la konokono. Katika mfereji huo zimepangwa chembe kama 15,000 zenye vinyweleo, nazo ndizo zigeuzazo mtikisiko wa maji kuwa habari za kupelekwa katika ubongo.

Wapo watu ambao mfupa huota kando ya kikuku kile mpaka kikakwama. Chembe zao za ndani ni nzima, ila sauti zote huwafikia zimepungua, kana kwamba wamejiziba masikio kwa pamba. Yamkini mwanamke wa Willis alikuwa mmoja wao. Ngoma ilimfikia kwa udogo, lakini waliokuwa naye chumbani, wenye masikio mazima, walipaza sauti ili waishinde ngoma, wala hawakujua kwamba wanapaza. Tabia hiyo ya binadamu ilielezwa na tabibu Mfaransa Étienne Lombard katika mwaka 1911. Kwa hiyo ngoma haikumponya mwanamke yule hata kidogo. Iliwaponya wasemaji wake na unyonge wa sauti.

Laiti uziwi wote ungekuwa wa namna hiyo! Dawa ingekuwa moja tu, kuongeza sauti. Lakini uziwi ulio mwingi duniani si wa kikuku, ni wa zile chembe. Chembe hizo huharibiwa na uzee, na maradhi, na dawa fulani kali, na mshindo mkubwa; nazo kwa binadamu zikifa hazioti tena. Katika mwaka 1886 tabibu Thomas Barr wa mji wa Glasgow, huko Uskoti, aliwapima wahunzi 100 waliotengeneza boila za meli. Fikiri kazi yao: mtu mmoja huingia ndani ya boila kushikilia misumari mikubwa ya chuma, na wenzake hupiga nyundo kutoka nje, kutwa kucha, mwaka baada ya mwaka. Barr aliona kwamba masikio ya watu hao yalikuwa yameharibika kwa jumla. Aliwauliza pia kama waliweza kufuata hotuba katika mikutano ya watu wengi, na walio wengi walikuwa na shida. Swali lile lilikuwa la busara kuliko vipimo vingi vilivyofuata, maana kwa muda mrefu matabibu waliendelea kupima masikio katika vyumba vilivyo kimya kabisa, mahali ambapo hakuna mtu aishipo.

Kwa nini mkutano umshinde mtu ambaye nyumbani, mbele ya mkewe, husikia vya kutosha? Chembe zile ni za namna mbili. Zilizo chache, kama 3,500 katika kila sikio, ndizo zipelekazo habari. Zilizosalia, kama 12,000, zina kazi ya ajabu iliyogunduliwa na William Brownell na wenzake katika mwaka 1985: hurefuka na kufupika kwa kufuata sauti, na kwa kucheza hivyo huitia nguvu sauti iliyo hafifu, na huitenga na sauti iliyo jirani yake. Hizi za pili ndizo aghalabu zinazotangulia kufa. Zikifa, mtu hupoteza mambo mawili, wala si moja. Hupoteza wembamba wa kusikia, na hupoteza upambanuzi, hata sauti mbili zilizokuwa mbalimbali humjia zimechanganyika kama wino uliomwagikiwa na maji.

Tena uharibifu aghalabu huanzia katika sauti nyembamba za juu. Jaribu mwenyewe kutamka maneno haya: kaka, tata, papa, sasa. Irabu *a* ni nene na ina nguvu, husikika mbali. Lakini *k*, *t*, *p* na *s* ni pumzi tu, nazo ndizo zibebazo tofauti yote ya maana. Mtu aliyepoteza sauti za juu husikia kwamba umesema, asijue umesema nini. Mwanafunzi wa namna hii akikaa nyuma ya darasa, huitika aitwapo, kisha hukosea aulizwapo. Na kwa kuwa ameitika, mwalimu asiyejua humwita mzembe au mkaidi.

Sasa tuvitazame vyombo ambavyo watu walivitengeneza. Cha kwanza kilikuwa pembe: mdomo mpana kwa msemaji, ncha nyembamba sikioni. Katika karne ya kumi na tisa zilitengenezwa pembe za bati, za fedha na za magamba ya kasa. Fundi F. C. Rein wa London alimtengenezea Mfalme João VI wa Ureno kiti cha enzi katika mwaka 1819, chenye mikono iliyochongwa kama simba waliofunua vinywa. Aliyekuwa na neno kwa mfalme alipiga magoti akasema katika kinywa cha simba, na mrija ukalipeleka neno mpaka sikio la mfalme. Huenda wengine walikiona kiti kile kuwa fahari tupu. Mimi nakiona kuwa elimu.

Maana pembe ilikuwa na hekima iliyojificha. Mwandishi Mwingereza Harriet Martineau, aliyezaliwa mwaka 1802 na kupoteza kusikia tangu ujana wake, alisafiri Marekani toka 1834 hata 1836 akiwa na pembe yake mkononi. Alizungumza na wabunge na watumwa, akarudi kwao na kuandika vitabu juu ya nchi ile. Yeye mwenyewe alieleza kwamba pembe ilimpatia mazungumzo ya ana kwa ana yenye faida kuliko yale ya baraza. Haikuwa ajabu. Asemaye katika pembe hana budi kukikaribisha kinywa chake, na kila umbali upunguapo kwa nusu, sauti ya msemaji mahali pa wazi huzidi kwa kiasi cha desibeli 6, hali makelele ya chumba hubaki yalivyo. Pembe haikuwa na nguvu nyingi, lakini ilimtenga msemaji na umati.

Umeme ulipokuja, hekima hiyo ilisahauliwa kwa kitambo. Alexander Graham Bell alipata hati ya simu katika mwaka 1876. Na katika mwaka 1898 Mmarekani Miller Reese Hutchison alitengeneza chombo cha kusikia kilichotumia maarifa ya simu. Baadaye zikaja valvu, zilizoongeza sauti mara nyingi zaidi, pamoja na betri nzito za kubebwa kiunoni. Katika mwaka 1948 serikali ya Uingereza ilianza kuwapa watu wake vyombo vya kusikia bila malipo, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Transista, iliyobuniwa Marekani mwezi wa Desemba 1947, ilikuwa ndani ya vyombo vya kusikia kabla ya miaka sita kupita. Chombo kikapungua mpaka kikakaa nyuma ya sikio.

Hata hivyo wenye vyombo walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa mamoja: nyumbani nasikia, arusini sisikii. Maikrofoni iliyofungwa kifuani ilikusanya kila kitu, sahani, viti, kicheko, vumbi la miguu na msuguano wa nguo, ikavikuza vyote sawasawa. Mtu alipewa makelele makubwa badala ya makelele madogo.

Katika mwaka 1953 Mwingereza Colin Cherry alitoa habari za majaribio yaliyoonyesha ukubwa wa kazi ambayo masikio mazima huifanya bila kujisifu. Alichanganya hotuba mbili zilizosomwa kwa sauti ya mtu mmoja, akawasikilizisha watu wote mbili kwa pamoja. Walitaabika, wakazitenga kwa shida baada ya kurudia mara nyingi. Kisha akapeleka hotuba moja katika sikio la kuume na ya pili katika sikio la kushoto. Shida ikaondoka. Msikilizaji aliifuata aliyoitaka neno kwa neno, na ile nyingine aliiacha kiasi cha kutotambua hata ilipogeuka kuwa ya Kijerumani. Basi kusikia katika umati ni kazi ya ubongo wenye masikio mawili yanayotoa habari safi. Mpe ubongo sikio moja tu, au mawili yatoayo habari chafu, nao utashindwa kuchagua.

Mholanzi Reinier Plomp alilitia jambo hili katika hesabu mwaka 1978. Aligawa hasara ya kiziwi mafungu mawili: upungufu wa sauti, na uchafuko wa sauti. Fungu la kwanza chombo huweza kulilipa. La pili hakiwezi, kwa sababu kikuzapo neno hukikuza pia kelele kilicho kando yake. Na hasara hiyo si ndogo: katika makelele, pungufu ya desibeli moja tu kati ya sauti ya msemaji na sauti ya umati huweza kumnyang'anya msikilizaji zaidi ya sehemu moja katika kumi ya maneno.

Mafundi walijibu kwa njia mbalimbali. Walitengeneza maikrofoni zinazopendelea mbele kuliko nyuma, zikasaidia, ingawa katika chumba chenye mwangwi msaada wake hupungua. Toka mwaka 1996 vyombo vilivyofanya kazi kwa hesabu za tarakimu, mfano wa kompyuta, vilianza kuuzwa. Hivyo huweza kupunguza mvumo wa feni au wa injini, na mtu husikiliza bila kuchoka sana. Walakini maneno ayapatayo aghalabu hayaongezeki. Katika mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walionyesha kwamba kompyuta iliyofunzwa kwa mifano mingi huweza kuitenga sauti ya msemaji, hata wenye uziwi wakapata maneno mengi zaidi. Kazi hiyo yaendelea. Wenye kuihitaji ni wengi: Shirika la Afya Duniani lilihesabu katika mwaka 2021 watu milioni 430 wenye upungufu wa kusikia uliohitaji msaada.

Mpaka sasa silaha iliyo kali kuliko zote darasani ni maikrofoni ndogo ambayo mwalimu huivaa karibu na kinywa, nayo hurusha sauti yake kwa redio mpaka chombo kilicho sikioni mwa mwanafunzi. Mwanafunzi akae mbele au nyuma, kinywa cha mwalimu ki karibu naye. Harriet Martineau angekitambua chombo hiki mara moja. Lakini kengele ya mapumziko hulia, mwalimu huvua maikrofoni yake na kuiweka mezani, na wanafunzi hamsini huanza kuzungumza kwa pamoja, kila mmoja na kinywa chake. Hapo mwenye chombo hutafuta aliye karibu naye, akamtazama midomo.