Mother Shipton na posho ya siku saba

Mwezi wa Januari 1869 gazeti moja la San Francisco lilichapa hadithi fupi ya Bret Harte, The Outcasts of Poker Flat, maana yake Waliofukuzwa Poker Flat.

Tujue kwanza nchi yenyewe. Mwaka 1848 dhahabu ilionekana California, na watu wakakimbilia huko toka pande zote. Vijiji vya wachimbaji vikatokea upesi, lakini serikali ilikuwa mbali. Basi watu wakajifanyia mabaraza, wakahukumu, wakanyonga, wakafukuza. Hata San Francisco iliyaona hayo mwaka 1851, tena 1856.

Katika hadithi, Novemba 1850, baraza la siri la Poker Flat limekwisha kunyonga watu wawili. Sasa lafukuza wanne: Oakhurst, mcheza karata, Uncle Billy, mlevi na mwizi, na wanawake wawili wa maisha mabaya, Duchess na Mother Shipton. Wengine barazani walitaka Oakhurst anyongwe, ili wapate tena fedha alizowashinda katika karata. Hiyo ndiyo haki yao!

Mlimani wakutana na kijana Tom na mchumba wake Piney, msichana wa miaka 15, wasiojua habari zao. Usiku Billy aiba nyumbu wote na kukimbia. Theluji yafunga njia. Chakula kilichobaki, wakikitumia kwa akili, chatosha siku kumi tu.

Mother Shipton alitoka kijijini akitukana vikali. Sasa anyamaza, adhoofika kila siku. Siku ya kumi, usiku, amwita Oakhurst, amwambia afungue mzigo ulio chini ya kichwa chake. Ndani mna posho yake ya juma zima, haikuguswa. Aomba apewe Piney. Kisha ageukia ukuta, afa.

Nadhani Harte aliweza kuyaandika haya kwa sababu naye aliyaonja. Mwezi wa Februari 1860, kaskazini mwa California, wazungu waliwaua Wawiyot, hata wanawake na watoto. Harte, kijana wa gazeti la huko, aliyalaani mauaji hayo waziwazi. Baada ya muda kidogo ilimpasa kuuhama mji.

Tom alitumwa kutafuta msaada. Watu wa Poker Flat walipofika, Duchess na Piney walikuwa wamekufa wakikumbatiana, na nyuso zao zilikuwa na amani moja. Hawakuweza kutambua yupi ndiye waliyemfukuza. Wakawaacha vile vile.