Vanessa Mdee: Safari ya Vee Money, kutoka MTV hadi kuaga muziki

Ukitaja jina la Vanessa Mdee, kuna atakayemkumbuka kama mtangazaji wa MTV. Mwingine ataanza kuimba "Niroge". Mwingine atakwambia ni yule jaji wa Kibongo wa East Africa's Got Talent. Wote wako sahihi.

Kwa zaidi ya miaka 10, mrembo huyu anayefahamika pia kama Vee Money alitangaza, akaimba, akaigiza na kukaa kwenye kiti cha majaji. Halafu mwaka 2020, jina lake likiwa bado kubwa, akatangaza kwamba muziki basi. Ilikuwaje? Fuatilia safari yake hapa.

Mtoto wa Arusha

Vanessa alizaliwa Juni 7, 1988 Arusha, mkoa huohuo wenye wilaya za Karatu na Ngorongoro. Utotoni hakukaa sehemu moja. Mbali na Arusha, aliishi pia Nairobi, Paris na New York. Ndiyo maana Kiswahili na Kiingereza vyote vinamtoka bila kubabaika, jambo lililokuja kumbeba sana kwenye utangazaji.

Chuoni hakusomea muziki wala uigizaji. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, jijini Nairobi.

2007: MTV yabisha hodi Dar

Mlango ulifunguka mwaka 2007, MTV ilipofika Dar es Salaam kusaka watangazaji wapya wa vipindi vya muziki. Vanessa alijitosa, na hatimaye akawa Mtanzania wa kwanza kuwa VJ wa kituo hicho. Kazi ya VJ ni kama ya DJ wa redio, tofauti ni kwamba yeye anatambulisha video, anahoji mastaa na sura yake inaonekana.

Aliungana na watangazaji wenzake Carol na Kule kuendesha Coca-Cola Chart Express, kipindi cha chati za muziki kilichoonekana katika nchi kadhaa za Afrika. Kwa binti wa umri wa miaka 19 hivi, hiyo ilikuwa shule tosha. Alijifunza kukaa mbele ya kamera, na pia akawaona kwa karibu wasanii wakubwa wanavyofanya kazi.

Nyumbani akasikika redioni kupitia Choice FM. Mwaka 2012 akashika maiki ya Epiq Bongo Star Search, shindano la Madam Rita la kusaka vipaji vya kuimba.

Mtangazaji ageuka msanii

Mwaka huohuo wa 2012 alisikika kwenye "Me and You" ya Ommy Dimpoz. Wimbo ulitamba, na watu wakaanza kuulizana: kumbe yule wa TV anaimba?

Akiwa chini ya B'Hits, mwaka 2013 akaachia "Closer", ngoma yake ya kwanza mwenyewe. Zikafuata "Come Over", "Hawajui", "Nobody But Me" aliyomshirikisha K.O wa Afrika Kusini, kisha "Niroge" na "Cash Madame". Mwaka 2016 alitoa "Juu" akiwa na Jux, aliyekuwa mpenzi wake wakati huo.

Januari 2018 ikaja albamu yake, Money Mondays. Ndani yake kuna "Kisela", aliyoimba na Mr. P wa Nigeria, aliyekuwa nusu ya kundi la P-Square. Mwaka huo pia yeye na Jux walizunguka na ziara ya In Love and Money.

Jukwaani Vanessa hakuwa wa kusimama na maiki tu. Alicheza na madansa wake, akabadilisha mavazi na kuongea na mashabiki kama yuko kwenye kipindi. Hapo utangazaji na uimbaji vilikutana.

Uigizaji na kiti cha jaji

Mwaka 2017 alionekana kwenye Shuga, tamthilia ya MTV inayowafundisha vijana kuhusu VVU na mahusiano. Msimu huo ulifanyika Afrika Kusini.

Mwaka 2019 akaiwakilisha Tanzania kwenye jopo la East Africa's Got Talent. Alikaa na Jeff Koinange wa Kenya, Gaetano Kagwa wa Uganda na Makeda wa Rwanda, huku Anne Kansiime akiwa MC. Miaka 7 nyuma yeye ndiye aliyekuwa akiwatambulisha washiriki wa BSS. Sasa alikuwa anaamua nani asonge mbele.

2020: "Basi" iliyowashtua wengi

Katikati ya mwaka 2020, kupitia podikasti yake ya Deep Dive, Vanessa alisema anaachana na biashara ya muziki. Hakuzunguka. Alieleza kwamba nyuma ya picha nzuri za Instagram alikuwa akipambana na msongo wa mawazo na hofu, na kwamba pombe ilikuwa imemzidi. Alisema amechagua afya na amani yake.

Kuna waliomuelewa na kuna waliomshangaa. Kwenye Bongofleva msanii anatakiwa aonekane kila siku, atoe ngoma, apige shoo, ajibu maneno ya mitandaoni. Staa kukiri hadharani kwamba amechoka na anahitaji kupona halikuwa jambo la kawaida.

Yuko wapi sasa?

Mwishoni mwa 2020 alivishwa pete na Rotimi, mwanamuziki na mwigizaji wa Marekani anayejulikana kwa tamthilia ya Power. Wana watoto wawili na maisha yao yako Marekani.

Hapa nyumbani jina la Mdee halijapotea. Mdogo wake, Mimi Mars, naye anaimba na amejizolea mashabiki kwenye tamthilia ya Jua Kali.

Vanessa mwenyewe alianza na maiki ya kutangaza, na siku ya kuaga hakutumia wimbo. Alirudi kwenye maiki ileile ya maongezi.